Mbio Zangu za Njia ya Nyakahura

Niliumbuka mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili nilikuwa katika kukumbatiana.

Nasimulia kwa sababu nyinyi wenzangu kila kukicha mnaleta hapa kwenye kundi letu la simu visa vya kuumbuka kwenu. Mara mtu kamsalimia sanamu wa duka la nguo, mara kapanda pikipiki ya mtu aliyekuwa anaenda zake shambani. Hayo ni madogo. Ya kwangu ni ya zamani, ya kiangazi kile baada ya vita ya Kagera kwisha, na mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa jikoni najifunika uso kwa khanga. (Na jikoni huwa niko peke yangu.)

Nilikuwa mwali bado. Mimi na mume wangu Laurenti tulikuwa tumekaa pamoja msimu mmoja tu wa maharage, redio ikatangaza vita, wanamgambo wakaitwa, naye akaitwa. Alipandia lori pale barabarani. Nilikuwa nimempa kiazi kitamu cha kuchemsha ale njiani, na yeye kwa wasiwasi akakitia mdomoni palepale. Lori likaondoka akiwa ananitazama, mashavu yamejaa, anataka kusema kitu na hawezi. Miezi yote niliyomngoja nilibaki na picha hiyo: mtu mwenye kiazi mdomoni. Nikawa najiuliza alitaka kusema nini.

Nikabaki kwa wakwe. Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara ya Nyakahura. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanasema afya. Mama mkwe alikuwa mwanamke mpole, akimlilia mwanawe waziwazi, hata akisonga ugali. Baba mkwe alikuwa mzee mrefu, mkavu, na jina la mwanawe halikumtoka mdomoni hata siku moja. Akimkuta mkewe analia anamwambia moshi umemwingia machoni, afungue dirisha.

Mimi na huyo mzee, kama ilivyo desturi ya kwetu, hatukuzoeana. Mkamwana na baba mkwe hawagusani. Hawatazamani usoni. Hata bakuli la uji humpokezi mkononi: unaliweka chini, unarudi nyuma, ndipo analichukua. Basi kila asubuhi alikuwa akilichukua, anakoroga, anauambia ukuta, "Siku hizi uji una mabonge."

Ukuta ulikuwa haujibu. Na mimi vilevile.

Usiku nililala upande mmoja wa kitanda, ule wa ukutani. Upande wa Laurenti niliutandika na kuuacha. Nilijua ni upuuzi, lakini nikijisahau nikaulalia, asubuhi naamka kama mtu aliyeiba.

Vita ikaisha. Kiangazi kikaanza, na watu waliotoka Biharamulo mjini wakasema malori ya askari wanaorudi yanapita pale. Mama mkwe akaniruhusu niende nikaangalie, nikiongozana na wifi yangu Verdiana. Huyu ni dada yake mkubwa Laurenti, ndoa ilikuwa imemshinda akarudi nyumbani, na hakuna kitu duniani ambacho yeye hakukiona cha kuchekesha. Tulikwenda kwa miguu. Magari mengi yalikuwa yamekwenda vitani, na yaliyobaki hayakuwa na mafuta.

Mjini tulifikia kwa shangazi yangu. Kutwa tulikuwa barabarani chini ya lile boma la Wajerumani, tunangoja malori. Likija moja tunakimbia nalo sambamba, tunatazama nyuso. Vumbi lilikuwa limewafanya askari wote watoto wa mama mmoja, wekundu kuanzia nywele mpaka kope. Nikawa naita jina lake kila lori. Wengine waliitika kwa utani. Mmoja aliniambia hata kama si yeye, anaweza kujitahidi. Laurenti hakuwamo.

Siku ya mwisho askari mmoja mtu mzima alituonea huruma. Akasema wengine wameshushwa kwenye njia panda ya Lusahunga na kuanza kutembea makwao, huenda mtu wetu yuko mbele yetu tayari. Maneno hayo tu yalitosha. Usiku uleule shangazi alinisuka nywele kwa uzi, akanipa kitenge chake kipya na mkebe wa mafuta ya mgando, akisema mume hapokelewi na kichwa kama kiota. Alfajiri tukaanza kurudi. Tulitembea kutwa, tukalala kwa mama mmoja wa kanisani tuliyefahamiana naye, na kesho yake asubuhi tukafika njia panda.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Na ilikuwa siku ya upepo.

Upepo wa kiangazi wa kule mnaujua? Hauna mvua, hauna baridi ya maana, una kazi moja tu ya kuhamisha ardhi kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ulikuwa unavuta mabati, unapindua vikapu. Pale njia panda palikuwa na mama muuza chai kwenye kibanda cha nyasi, ameketi juu ya turubai lake ili lisiruke. Tukamuuliza kama ameona askari yeyote anayekwenda upande wa Nyakahura.

"Ameondoka mmoja sasa hivi," akasema. "Mrefu, amevaa kabuti la jeshi, kichwa amekifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi. Anasema anakwenda kwake. Anatembea ameinamia kushoto kidogo."

Laurenti alikuwa akitembea ameinamia kushoto kidogo.

Sikunywa hata chai. Niliingia nyuma ya kibanda nikaomba maji ya kikombe, nikanawa uso. Nikavaa kitenge cha shangazi juu ya shimizi, gauni la safari nikalifunga kwenye mzigo. Nikafungua mkebe wa mafuta nikajipaka: uso, shingo, mikono, mpaka nikang'aa kama sufuria. Verdiana akaniambia na upepo huu nitakaangwa na vumbi mpaka niive. Nikamjibu kwamba ana wivu. (Hakuwa na wivu. Alikuwa na akili.)

Baada ya njia panda ile kulikuwa na mbuga ndefu. Kiangazi kile ilikuwa imechomwa moto yote, haina jani wala mti wa kujikinga, mahali pengine nyeusi kwa majivu na mahali pengine nyekundu tu, kama jangwa wanaloonyesha kwenye vitabu vya shule. Upepo ulikuwa unatupiga kutoka mbele. Ulikuwa unainua vumbi na majivu kwa pamoja na kunipelekea moja kwa moja usoni, na uso wangu, kwa yale mafuta, ulikuwa unapokea kila kitu bila kurudisha. Muda si mrefu nikawa nahisi ngozi nzito. Nilipojaribu kutabasamu, kitu kikapasuka shavuni. Lilikuwa tope.

Nikaendelea kutembea. Nilikuwa nimembebesha Verdiana sehemu kubwa ya mzigo kwa hila, nikisema mkono unaniuma. Kila mwinuko tuliopanda nilitegemea kumwona, na kila mara naona barabara tupu na vumbi linacheza juu yake. Nilianza kupanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya msimu mzima. Nikapanga lipi litangulie, nikayapanga upya, na kila nilipoyapanga nilijikuta natembea mbio zaidi.

Jua lilikuwa limepanda sana nilipomwona. Alikuwa mbali chini ya mteremko, kabuti linapigwapigwa na upepo, begi begani, kichwa kimefungwa, mwili umeinamia kushoto. Miguu yangu ilimtambua kabla ya macho. Niliita kwa nguvu zangu zote na upepo ukanirudishia jina lake kinywani, pamoja na mchanga. Nikatupa kikapu nikaanza kukimbia.

Nyuma yangu Verdiana alikuwa anapiga kelele. Nikasikia "ni" halafu upepo, "ni" halafu upepo. Nikajua ananithibitishia. Nikaongeza mbio.

Kitenge cha shangazi kilifunguka nikiwa katikati ya mteremko. Nilikihisi kinaondoka kiunoni, nikageuza jicho nikakiona kinapaa juu ya mbuga kama ndege mwenye haraka zake. Ningesimama? Sikusimama. Nimemngoja mtu msimu mzima, nisimame kwa ajili ya kitambaa? Nikaendelea na shimizi.

Hakunisikia nikija. Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili, nikalaza shavu langu la tope mgongoni mwake, nikafumba macho. Akasimama papohapo. Na mimi yale maneno niliyoyapanga yakatoka yote, bila mpango.

"Mbona umekonda hivi?" nilimwambia, kwa sababu mbavu nilikuwa nazihesabu juu ya kabuti. Hakujibu. Nikadhani analia, nikalia na mimi. Nikamweleza habari za kitanda, kwamba upande wake sijaulalia, na miguu yangu usiku ni barafu na hakuna wa kuipasha. Nikamwambia mambo mengine ambayo hapa siyaandiki, kwa kuwa humu kuna watu wa kanisa. Nilipofika mwisho wa hayo nikaona nimalizie na mashtaka.

"Na baba yako ananitesa na uji," nikasema. "Kila asubuhi mabonge, mabonge. Uji wangu hauna mabonge, Laurenti. Ni meno yake yamekwisha, anatafuna ulimi wake mwenyewe."

Ule mgongo ukawa mgumu kama ubao.

"Mimi si yeye, mwanangu," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya ukuta. Nasema hivyo kwa sababu miezi yote ile sauti hiyo nilikuwa naisikia ikiongea na ukuta.

Mikono yangu ilifunguka yenyewe. Nikaanguka magotini palepale barabarani, nikampa mgongo ili asinione, nikiwa na shimizi, kichwa cha uzi, uso kama kinyago. Akili yangu ilitafuta neno la kusema, na lililopatikana likawa hili: "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu mzee, kwa mazoea.

Upepo ulikuwa ukivuma tu. Kisha akaanza kusema akiwa ameelekea mbugani kule, mgongo kwangu, na alisema polepole. Alikuwa amelala pale njia panda kwa madereva, akiuliza kila lori. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona ng'ombe kwa rafiki yake Msukuma. Kabuti hilo ni la vita ya Wazungu, alirudi nalo kutoka Bama, kule Asia, akiwa kijana, likawa sandukuni miaka yote. (Mimi sikuwahi kuliona. Ningelijua vipi?) Alilivaa ili askari wamwone kuwa ni mwenzao, wamjibu vizuri.

"Wakanijibu vizuri," akasema. "Ila hakuna aliyemwona."

Halafu akaniomba nisimwambie mama mkwe kwamba alikwenda njia panda. Mzee yule, aliyekuwa akisema moshi umeingia machoni, aliniomba kama mtu mwenye deni. Nikasema, "Ndiyo, baba." Kuhusu niliyomwambia mimi hakugusia neno, wala mimi sikumkumbusha.

Akavua kabuti. Hakunipa mkononi, desturi haikuruhusu. Alilitandika chini, akatafuta jiwe akaliweka juu lisiruke, akaenda zake mbele bila kugeuka. Nililivaa nikalifunga vifungo vyote mpaka kooni. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu, likinuka tumbaku na sanduku.

Verdiana alipofika alikuwa amekaa chini mara tatu njiani kwa kicheko. Akasema yeye alimtambua baba yake tangu juu ya mteremko, na alichokuwa anapiga kelele ni "ni baba, ni baba." Nikamuuliza kwa nini hakukimbia kunizuia. Akainua mizigo yote niliyombebesha. Akacheka tena, akarudia maneno ya meno na ulimi, maana upepo ulikuwa umempelekea yote vizuri sana. Lakini tulipotembea kidogo nikageuka nikamkuta anafuta macho na uso wake haucheki. Nikamuuliza. Akasema ni vumbi.

Ndivyo tulivyokwenda saa zile zote, mzee mbele, mimi kwa mbali katikati na kabuti langu (kuvaa gauni pale ningelazimika kulivua kwanza, na sikuthubutu), Verdiana nyuma na mizigo. Nilikuwa natazama ule mwendo wa kuinamia kushoto ulionidanganya, na badala ya kuuchukia nikawa naufuata tu. Ulikuwa ndio mwendo wa Laurenti niliobakiwa nao.

Tulipokaribia kijiji mzee aliacha barabara akapita shamba la kijiji, aingie kwa nyuma kama mtu atokaye kumwona ng'ombe. Verdiana alikuwa amebaki mbali akifunga upya mzigo. Kwa hiyo niliingia peke yangu. Jua lilikuwa nyuma yangu. Kichwani nilikuwa nimejifunga kitambaa kwa vumbi, na mwilini ni kabuti la jeshi, toka kooni hadi chini.

Sasa fikirieni nyumba zile zilivyopangwa.

Wa kwanza kuniona walikuwa watoto waliokuwa wakicheza barabarani. Wakapiga ukunga mmoja, "Askari!", wakakimbia mstari mzima wa nyumba. Mtu akaanza kugonga kile chuma cha kuitia mkutano. Vigelegele vikapokelewa kutoka nyumba hadi nyumba, mbele yangu na pembeni yangu, na mimi bado sijaelewa. Niligeuka nikatazama nyuma nione ni nani anayepokelewa hivyo. Kweli naapa, moyo wangu ulisema labda Laurenti yuko nyuma yangu.

Kulikuwa na vumbi tu.

Nilipogeuka mbele, mama mkwe alikuwa ameshanifikia, mikono imejaa unga wa muhogo, akanivamia. "Raurenti," alikuwa anasema, maana kwake yeye herufi r na l zilikuwa kitu kimoja, "Raurenti wangu." Nikajaribu kusema si mimi, lakini mdomo wangu ulikuwa umezama begani mwake. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshasimama juu ya kinu kilichopinduliwa na kuanza hotuba ya kumpokea shujaa wetu aliyewalinda mama zetu na mipaka yetu. Wanaume wakaniinamia. Mzee mmoja akanipigia saluti.

Ndipo upepo, ambao siku ile ulikuwa haujatosheka nami, ukachukua kitambaa cha kichwani.

Vile vijiti vya nywele za uzi vikasimama. Ule uso wa tope nyekundu na majivu ukaonekana wote. Vigelegele vilikatika vipande vipande, vya mwisho vikiwa kule nyumba za mbali ambako habari ilikuwa haijafika. Balozi akabaki na mkono juu.

"Ni Koletha," akasema mtoto mmoja.

Kijiji kikacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilikwenda na ule mstari wa nyumba kama moto wa mbugani, kikafika mwisho kikarudi. Watu walijishika mbavu. Aliyenipigia saluti ndiye aliyecheka kuliko wote. Nami ningecheka nao, huenda, kama si mama mkwe. Alikuwa hajaniachia. Nilidhani hajaelewa, nikamwambia sikioni, "Mama, ni mimi, samahani."

"Najua," akasema. "Kaa hivyo hivyo kidogo."

Nikakaa. Akavuta pumzi kwenye ukosi wa kabuti, mara moja, mara mbili, halafu akaninong'oneza.

"Hili ni kabuti la mzee. Kwa hiyo na yeye alikwenda."

Nilikuwa nimeahidi nisiseme, na sikusema. Mzee akatokea nyuma ya nyumba, anauliza kelele hizi ni za nini, ng'ombe wa Msukuma ni mzuri lakini bei haishikiki. Mama mkwe alimwitikia vizuri kabisa. Akamwambia karibu, maji ya kunawa yapo tayari.

Kesho yake asubuhi niliweka bakuli la uji chini, nikarudi nyuma kuliko kawaida. Akalichukua. Akakoroga. Akanywa mpaka likaisha, akauambia ukuta, "Uji wa leo ni laini." (Mabonge yalikuwemo. Siku ile hata mimi niliyaona.)

Laurenti alirudi mwanzo wa mvua. Nilikuwa nakandika ukuta, udongo mpaka viwikoni, nikasikia mtu anaita kutoka barabarani. Nikatazama. Kulikuwa na mtu mrefu wa kabuti, ameinamia kushoto. Kila kitu ndani yangu kilitaka kukimbia, na miguu ikakataa. Nikabaki nimesimama na tope langu, nikamwambia kwa sauti ya mbali, kama ninamwambia mwizi, "Vua kofia kwanza nikuone uso."

Akavua. Alikuwa yeye. Alikuwa amekonda kweli. Nikamwendea taratibu, hatua kwa hatua, nikimkagua njia nzima.

Jioni akiwa anakula nilimuuliza siku ile na kile kiazi alitaka kusema nini. Akasema hakumbuki. Alichokumbuka, akasema kwa unyonge kidogo, ni kwamba tangu Uganda mpaka pale barabarani alikuwa anatembea akifikiria jinsi nitakavyomwona na kumkimbilia, kitenge kinapepea. Sasa ni mzee na bado hunitania kwamba nilimpokea kama mkaguzi wa shule. Kabuti na vigelegele alihadithiwa na kijiji kizima. Sehemu ya mbugani Verdiana aliapa kutoisema, na hakuisema, na mimi sijapata namna ya kumweleza mume wangu kwamba zile mbio alizozingoja zilikuwepo kweli, ila alizipokea baba yake.

Chekeni kama mnacheka, lakini yeyote mwenye namba ya simu ya Laurenti namwomba aifute.